Re: Mama ana kisukari, CT scan ya kontrasti haitamharibu figo?
Mkuu salama, pole kwa kuuguza. Nilivyokuelewa mama ana kisukari, kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja) imepanda kidogo na kaandikiwa CT scan ya tumbo ya kuchomwa dawa ya kontrasti (inayofanya viungo vionekane vizuri kwenye picha), unaogopa figo zisije zikafeli. Namuuguza mzee mwenye kisukari na amepita hapo hapo.

Kwanza usiangalie kreatinini peke yake, omba eGFR ya karibuni, yaani namba inayokadiria figo zinachuja damu kwa kiwango gani. Ikiwa juu ya 45 hatari ni ndogo sana, ikiwa chini ya 30 ndio mkae na daktari mumuulize kama ultrasaundi au CT bila kontrasti inatosha, maana kuna wakati inatosha kabisa. Halafu kagua dawa zake, hizi diklofenaki na ibuprofeni tunazojinunulia tu duka la dawa kwa ajili ya magoti zinaumiza figo kimya kimya, muulizeni daktari kama mama aziache mapema. Metfomini (dawa ya kisukari), kama eGFR iko chini ya 30, husimamishwa siku ya kipimo na hairudishwi mpaka masaa 48 yapite na figo zipimwe tena. Asiende amekaukiwa maji, mzee wetu alitundikiwa dripu ya chumvi kabla na baada, ila kama mama ana shida ya moyo msimjaze maji kiholela.

Kreatinini irudiwe baada ya masaa 48 mpaka 72, figo zikiguswa hapo ndio huonekana na wengi hurudi sawa ndani ya wiki moja au mbili. Mkojo ukipungua au miguu ikivimba msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Ukipata hiyo eGFR iweke hapa tuione.