Maswali ya Wasomaji: Mama Karuhusiwa, Asirudi Tena Wodini

SWALI: Mama yangu ana miaka 68 na moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Mwaka huu amelazwa mara mbili kwa kujaa maji. Kila akiruhusiwa anatoka akiwa na nafuu, lakini baada ya wiki tatu miguu inavimba na pumzi inakata. Dawa anameza. Tunakosea wapi?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Mgonjwa wa moyo huonekana kama kazidiwa usiku mmoja, lakini mara nyingi maji huanza kurudi siku kadhaa kabla, na anayeyaona kwanza ni mizani, si macho. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mgonjwa anaweza kubeba lita kadhaa kabla kifundo cha mguu hakijaanza kubonyea.

Kwa hiyo mpimeni kila asubuhi: ameshakojoa, hajala, nguo nyepesi zilezile, mizani ileile juu ya sakafu ngumu (juu ya zulia itadanganya). Andikeni namba kwenye daftari. Uzito aliotoka nao wodini akiwa hana uvimbe ndio kipimo chenu. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Vilevile angalieni mito: aliyekuwa analalia mmoja akianza kudai mitatu, au akaamka usiku akikohoa na kutafuta hewa, maji yameshafika kwenye mapafu.

Haraka hiyo ina sababu. Maji yakizidi, utumbo nao huvimba na kidonge cha furosemidi (dawa ya kukojoza maji) hakifyonzwi vizuri, ndiyo maana dozi iliyomfaa mwezi jana leo inaonekana haifanyi kitu. Akiwahi, pengine daktari ataongeza vidonge kwa siku chache, au atachomwa furosemidi ya mshipani kliniki, akojoe kwa saa kadhaa na arudi nyumbani jioni. Akichelewa, ni kitanda. Mwombeni daktari mpango wa maandishi: uzito ukifika kiasi gani aongeze vidonge vingapi, na kwa siku ngapi. Uzito ukishuka sana huku anasikia kizunguzungu, mpigieni pia. Maji yametolewa kupita kiasi.

Tena, huenda tatizo haliko kwenu kabisa. Wengi huruhusiwa na dozi ndogo za kuanzia, na hakuna anayezipandisha. Utafiti wa STRONG-HF, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba kupandisha dawa hadi dozi kamili ndani ya wiki mbili baada ya kutoka hospitali, huku mgonjwa akipimwa mara kwa mara, hupunguza vifo na kulazwa tena. Hakikisheni anaonwa ndani ya siku 7 hadi 14, akiwa na dawa zote mkononi. Ulizeni waziwazi: “Dozi hii ni kamili au ya kuanzia?” Presha, figo na potasiamu vipimwe kila dozi inapopanda.

Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akizimia, akiumwa kifua au akitoa makohozi ya povu la rangi ya waridi, msipige simu kliniki. Mpelekeni hospitali mara moja.

SWALI: Baba ana moyo kama huo na magoti yanamsumbua. Duka la dawa wamempa diklofenaki. Ni salama?

JIBU: Hapana, aiache na amwambie daktari wake. Diklofenaki na ibuprofeni huifanya figo ishikilie chumvi na maji, na huidhoofisha furosemidi. Siku chache tu zinatosha kumrudisha wodini. Parasetamoli inafaa zaidi, ila si ile ya kuyeyusha kwenye maji inayotoa povu, kwa kuwa ina sodiamu nyingi.

SWALI: Tumeambiwa tupunguze chumvi. Tunaweza kutumia ile mbadala ya dukani?

JIBU: Someni lebo kwanza. Nyingi zina kloridi ya potasiamu, na mgonjwa anayemeza spironolaktoni (dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini) potasiamu yake inaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yavurugike. Ni heri chumvi ya kawaida, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, yaani gramu 5, mkihesabu na iliyomo kwenye mkate, vyakula vya kopo na viungo vya vidonge vya supu. Ladha itafuteni kwenye limau, tangawizi na kitunguu saumu.