Karati 1.00 au 0.90: almasi ipi ya pete ya uchumba kwa bajeti ndogo?

SWALI: Nataka kununua pete ya uchumba yenye almasi moja ya duara, na fedha nilizonazo haziwezi kuongezeka. Sonara amenionyesha mawe mawili, yote yana cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima na kupanga madaraja ya almasi. La kwanza ni karati 1.00, rangi H, usafi VS2, mkato Good, vipimo milimita 6.20 × 6.23 × 4.02, kina asilimia 64.7. La pili ni karati 0.90, rangi I, usafi SI1, mkato Excellent, milimita 6.20 × 6.23 × 3.81, kina asilimia 61.3. La kwanza lina bei ya juu kidogo lakini ninaweza kulilipia. Yeye anasema limelishinda la pili kila upande, na kwamba nikitaka kubwa zaidi kuna almasi za maabara. Nichukue lipi, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Chukua la pili, kwa sharti kwamba SI1 yake ipite ukaguzi nitakaoueleza hapa chini. La kwanza halikushinda kila upande. Limeshindwa kwenye mkato, na mkato ndio unaoifanya almasi imetamete.

Anza na vipimo ulivyoandika mwenyewe. Upana wa mawe yote mawili ni uleule, milimita 6.20 kwa 6.23. Ukiyatazama kwa juu, jinsi pete inavyotazamwa kidoleni, hakuna lililo kubwa. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo tofauti ya karati 0.10 ni miligramu 20. Ziko wapi miligramu hizo? Ziko chini, kwenye kina, mahali ambapo hakuna jicho litakaloziona.

Unaweza kulithibitisha hilo kwa hesabu. Kwa almasi ya duara, zidisha wastani wa upana kwa wenyewe, zidisha kwa kina, kisha zidisha kwa 0.0061. Jiwe la pili: 6.215 × 6.215 × 3.81 × 0.0061, unapata 0.90, sawa na cheti. La kwanza: 6.215 × 6.215 × 4.02 × 0.0061, unapata takribani 0.95. Cheti kinasema 1.00. Hiyo 0.05 inayobaki huwa imekaa kwenye kiuno cha jiwe, yaani ule ukingo wa katikati unaotenganisha taji la juu na kitako cha chini. Tazama mchoro wa pembeni kwenye cheti chake. Sitashangaa ukikuta kiuno kimeandikwa kuwa kinene au kinene sana.

Mkataji hafanyi hivyo kwa kukosea. Bei ya almasi hupanda kwa ngazi, na ngazi hizo ziko kwenye namba watu wanazozipenda: 0.50, 0.70, 0.90, 1.00, 1.50. Jiwe ghafi ambalo likikatwa vizuri lingetoa 0.92 linaweza kuachiwa kitako kirefu na kiuno kinene ili lifike 1.00. Anayenunua analipia namba. Tena, hata jiwe lako la pili limesimama juu ya ngazi. Muulize sonara kama ana la karati 0.86 hadi 0.89 lenye mkato uleule. Jiwe la 0.87 lililokatwa vizuri lina upana wa karibu milimita 6.15, tofauti ambayo huwezi kuiona, na bei yake kwa karati huwa chini.

Usidanganywe na neno Good. Kwenye ngazi ya GIA mkato wa duara una madaraja 5, kutoka Excellent, Very Good, Good, Fair hadi Poor. Good ni daraja la 3. Sababu ya kulijali daraja hili ni mwendo wa mwanga. Mwanga unaoingia kwa juu hugonga ukuta mmoja wa kitako, ukaruka hadi ukuta wa pili, kisha ukarudi juu kwenye macho yako. Hilo hutokea pale tu mwanga unapogonga ukuta kwa mshazari wa kutosha, zaidi ya nyuzi 24.4 kutoka kwenye mstari ulio wima juu ya ukuta huo. Kitako kikichongoka mno, sehemu ya mwanga hugonga ukuta wa pili kwa pembe ndogo, hupenya na kupotelea nyuma ya jiwe, na unachobaki kuona ni duara la kivuli chini ya uso wa juu. Kitako kikizidi kuchongoka, katikati panakuwa peusi kama kichwa cha msumari. Kikiwa bapa kupita kiasi, unaona kiuno kimejiakisi ndani ya uso wa juu kama jicho la samaki.

Vipimo ninavyovitafuta mimi kwa duara ni hivi: uso wa juu asilimia 54 hadi 58 ya upana, kina asilimia 60 hadi 62.5, pembe ya taji nyuzi 34 hadi 35, pembe ya kitako nyuzi 40.6 hadi 41, na kiuno kati ya chembamba na kinene kidogo. Zote zimeandikwa kwenye cheti kamili. Hata ndani ya daraja la Excellent kuna mawe yanayotofautiana, kwa hiyo soma namba, usiishie kwenye neno. (Maumbo mengine kama yai, mto au mstatili kwa kawaida hayapewi daraja la mkato na GIA. Huko macho yako ndiyo kipimo, na kwa umbo la yai angalia kivuli chenye sura ya tai ya kipepeo kinachokatiza katikati.)

Sasa rangi. Ngazi inaanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. H na I zimepishana hatua moja, na wakaguzi wenyewe huipima rangi jiwe likiwa limelazwa kifudifudi, likilinganishwa na mawe ya mfano chini ya taa maalumu. Likishakaa kwenye pete, likitazama juu na likimetameta, hatua hiyo haionekani. Ukichagua dhahabu ya njano, I ni zaidi ya kutosha na hata J inafaa, kwa sababu dhahabu yenyewe hulipaka jiwe unjano kidogo. Kwenye dhahabu nyeupe au platinamu baki I au panda hadi H. Jambo moja huwaharibia wengi: kuweka mawe madogo ya pembeni yenye rangi E au F kando ya jiwe kuu la I. Hayo madogo yataliumbua kubwa. Yawe ya rangi inayokaribiana.

Cheti pia kina mstari wa jinsi jiwe linavyowaka chini ya mwanga wa urujuanimno. Jiwe la rangi I lenye mwako wa buluu wa wastani mara nyingi huuzwa kwa punguzo, na mwako huo unaweza hata kulifanya lionekane jeupe zaidi mchana. Ukiwa mkali sana, litazame juani kwanza. Baadhi huonekana kama yamepakwa maziwa.

Usafi ndipo kazi yako ilipo. Daraja la usafi hutolewa kwa lenzi ya kukuza mara 10, na SI1 maana yake ni kwamba mkaguzi ameona dosari bila taabu kwa lenzi hiyo. Swali lako wewe ni tofauti: je, inaonekana kwa macho matupu? Lishike jiwe umbali wa sentimita 25 hivi, juu ya karatasi nyeupe, mbali na taa kali za dukani. Taa hizo zimewekwa ili kila jiwe limemete, hata kioo. Sogea karibu na dirisha, kisha uliweke kivulini. Kama huoni nukta, umepita hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni ramani ya dosari kwenye cheti. Punje nyeupe pembeni si tatizo, na ukucha mmoja wa pete, yaani kimojawapo cha vile vimeno vinavyolishika jiwe, unaweza kuifunika. Punje nyeusi katikati ya uso wa juu ni tatizo, kwa sababu nyuso za chini huiakisi ikaonekana mara nyingi. Ufa unaofika kiunoni ni hatari zaidi kuliko ubaya wake machoni, kwani hapo ndipo sonara atakapobana ukucha na hapo ndipo jiwe litakapomeguka likigongwa. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini hupasuka. Soma pia maelezo ya chini. Yakisema daraja limetokana na mawingu ambayo hayakuchorwa, shuku: jiwe zima linaweza kuwa limefifia, hata kama huoni nukta hata moja.

Kuhusu almasi ya maabara, sonara hajakuambia uongo. Ni almasi kweli: kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 kwenye ngazi ya Mohs, mmeto uleule. Hutengenezwa ama kwa shinikizo na joto kubwa, ama kwa kujengwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Za njia ya kwanza wakati mwingine huwa na ubuluu kidogo, za pili huwa na ukahawia, na daraja la rangi halikuambii hilo siku zote, kwa hiyo zitazame juu ya karatasi nyeupe. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya asili, na imekuwa ikishuka. Ukija kuiuza tena utapata kidogo mno. Hata ya asili huuzwa tena kwa hasara kubwa, lakini hii zaidi. Kama mwenzako anataka jiwe kubwa na hajali lilikotoka, ni chaguo la heshima. Muulize, msikisie. Kosa lipo pale tu inapouzwa kwa jina na bei ya jiwe la asili, na kile kipimo chenye umbo la kalamu wanachokigusisha kwenye jiwe hakiwezi kuzitenganisha, kwa sababu kinapima tu jinsi joto linavyopita. Kalamu hiyo hudanganywa hata na moisanaiti, jiwe lingine linalofanana na almasi. Moisanaiti unaweza kuikamata kwa lenzi: itazame kwa mshazari kupitia nyuso za taji, utaona kingo za nyuso za chini zimekuwa mbili mbili.

Kabla ya kulipa, jiwe likiwa bado halijafungwa kwenye pete, omba lipimwe uzito na upana mbele yako, ulinganishe na cheti. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya GIA mwenyewe, kwa simu yako. Kama cheti kinasema namba imechongwa kwa leza kiunoni, isome kwa lenzi. Isome tena pete ikishakamilika, na umwombe fundi asiifunike kwa ukucha. Kama utaonyeshwa jiwe lisilo na cheti kwa bei ya kuvutia, uliza kama nyufa zake zimejazwa. Mjazo wa kioo huficha ufa vizuri, lakini moto wa sonara wakati wa kurekebisha pete huuharibu, na ufa unajitokeza. Ukilizungusha chini ya lenzi, mjazo hutoa mimweko ya chungwa au zambarau.

Usiimalize pesa yote kwenye jiwe. Pete nyembamba chini ya milimita 1.8 kwa upana hupinda, na pete ikipinda kucha hulegea. Kwa jiwe lako kucha 6 ni salama kuliko 4, maana ukucha mmoja ukikatika jiwe bado linashikwa. Hapa neno karati linabadilika maana, nalo limewachanganya wengi: karati za dhahabu ni usafi wa madini, wala si uzito. Karati 18 ni asilimia 75 ya dhahabu, muhuri wake 750; karati 14 ni asilimia 58.5, muhuri 585. Kwa bajeti yako karati 14 inatosha na kwa kawaida ni ngumu zaidi. Dhahabu nyeupe hupakwa madini meupe ya rodiamu, na mpako huo huisha. Hesabu gharama ya kuurudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Na ukiona tangazo la pete ya “karati 1 kwa jumla”, fahamu kwamba ni uzito wa mawe yote yakijumlishwa. Mawe kumi ya 0.10 ni rahisi mno kuliko moja la 1.00.

Kidole kipimwe jioni, mwili ukiwa na joto, kwani asubuhi na kwenye baridi vidole husinyaa. Ukipima pete anayoivaa tayari, hakikisha ni ya kidole hichohicho cha mkono huohuo, upime kipenyo cha ndani, milimita 17.3 ni saizi 7 ya Marekani, na kila saizi moja huongeza karibu milimita 0.8. Ukiwa na shaka kati ya saizi mbili, chukua kubwa: kwa pete ya kawaida kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Risiti iandike almasi ni ya asili au ya maabara, kwamba haikujazwa wala kutobolewa kwa leza, uzito, rangi, usafi, namba ya cheti, muhuri wa dhahabu, siku za kurudisha, na nani atalipia marekebisho ya kwanza ya saizi.