Joto bila moto: maswali yenu ya safari na dharura

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu jambo moja: namna ya kupata chakula cha moto na kuupa mwili joto pale ambapo huwezi kuwasha moto au hutaki kuuwasha. Nimechagua machache ambayo majibu yake yanaweza kuokoa mtu.

Nimenunua vifuko vya kupashia chakula, vile vya kumwagia maji. Vinafanyaje kazi? Na je, naweza kuvitumia kuchemsha maji ya mto ili ninywe?

Nianze na swali la pili, maana ndilo lenye hatari: hapana. Maji yenye mashaka yanapaswa kutokota kabisa kwa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 hivi yaache yatokote dakika 3, kwa kuwa huko juu maji hutokota yakiwa na joto dogo zaidi. Kinachowekwa ndani ya kifuko hakifiki huko. Kile kinachotumiwa na jeshi la Marekani kimekusudiwa kupandisha joto la pakiti ya chakula ya gramu 227 kwa nyuzi 55 hivi za Selsiasi ndani ya dakika 12. Chakula kilichokuwa na nyuzi 20 kitafika 75, nacho kitaliwa kikitoa mvuke. Kilicholala kwenye baridi kali kitaishia kuwa vuguvugu.

Sasa utendaji wake. Ndani mna unga wa magnesi, ambayo ni metali nyepesi, chuma kidogo na chumvi. Magnesi ikikutana na maji baridi peke yake hufanya kazi polepole mno. Chuma na chumvi ndivyo vinavyoiharakisha. Hakuna kinachowaka. Magnesi inageuka kuwa haidroksidi, na joto linatoka humo. Mimina maji hadi kwenye mstari uliochorwa, usipitishe, kwa sababu maji ya ziada yanakula joto lililokusudiwa chakula. Muda mfupi tu utasikia mchemko ndani, kifuko kitavimba na mvuke utaanza kutoka mdomoni. Kunja mdomo, kilaze kikiwa kimeinuka kidogo upande wa mdomo, ukiegemeze kwenye jiwe, kisha ukiache. Wengi hukifungua kila baada ya dakika mbili kuangalia, halafu wanalalamika kwamba hakipashi.

Jambo zuri ni kwamba maji ya kumwagia si lazima yawe safi. Ya dimbwi yanafaa, hata ya bahari. Hayo yasiguse chakula, basi. Usije ukanywa yaliyobaki ndani.

Kama hakuna moto, basi ni salama kukitumia ndani ya hema lililofungwa?

La, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Magnesi na maji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Fungua mlango wa hema, na pasiwe na mshumaa, sigara wala jiko karibu. Kuna vifuko vingine vinavyotumia chokaa iliyochomwa ambayo bado haijazimwa kwa maji. Chokaa yenyewe haitoi haidrojeni, lakini mara nyingi huchanganywa na unga wa alumini, na huo unaitoa. Soma pakiti. Mvuke wa aina zote mbili unababua mkono vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Vipo pia vipasha joto vya mfukoni vinavyotumia benzini na platini. Wajapani wamekuwa navyo tangu miaka ya 1920. Havina mwali, lakini vinakula oksijeni, kwa hiyo navyo vinahitaji hewa inayopita.

Kinachoua zaidi ya vyote hivyo ni mkaa. Ukiwa mwekundu bila mwali wala moshi, watu huudhani umetulia, wakauingiza ndani ili walale na joto. Hapo ndipo unapotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikifuata, toka nje kwanza, watoe wenzako, ndipo mtafute msaada. Mkaa usiingie ndani ya hema, gari wala chumba, hata dirisha likiwa wazi.

Pawa benki yangu ni ya 20,000 mAh. Si nitachemshia maji kwa birika dogo la umeme?

Tupige hesabu. Pawa benki hiyo ina nishati ya saa-wati 74 hivi (saa-wati ni nishati ya wati moja kwa saa moja). Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inataka takriban saa-wati 93, kabla hujahesabu joto linalopotea. Utaimaliza yote na maji hayatatokota. Itunze kwa simu na taa.

Vifuko vidogo vya kupasha mikono: je, nilale navyo?

Vyenye unga wa chuma hupata joto kwa chuma kushika kutu haraka kikikutana na hewa. Ukikifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa kinasimama, na ukikitoa baadaye kinaendelea. Usikibandike kwenye ngozi tupu wala usikilalie: joto dogo la saa nyingi linaunguza bila wewe kuhisi, hasa wazee, watoto wachanga na wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni.

Vile vyenye kimiminika na kibati cha kubonyeza vinatumia asetati ya sodiamu, aina ya chumvi inayotoa joto inapoganda. Hufika nyuzi 54 hivi, joto halidumu sana, lakini unavichemsha na kuvitumia tena. Kwa usiku mzima mimi ninapendelea chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuvishwa soksi, ikae katikati ya mapaja ndani ya begi la kulalia.

Umeme ukikatika siku kadhaa na gesi ni kidogo, nifanyeje familia ile chakula cha moto?

Punguza muda wa moto, si milo. Gramu 100 za gesi, jiko likikingwa upepo, hutokosha kama lita 6 za maji. Kinachomaliza gesi ni ule muda mrefu wa kuacha sufuria ichemke taratibu, na kazi hiyo haihitaji moto. Chemsha chakula kwa dakika chache, hakikisha sufuria imejaa vizuri na kifuniko kimekaza, kisha ifunge kwa mablanketi ndani ya kikapu au boksi pande zote, chini pia. Kitaendelea kuiva chenyewe kwa saa kadhaa. Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kwanza, maana yana sumu ambayo joto la kikapu haliiondoi. Kabla ya kupakua, kama chakula kimeshuka chini ya nyuzi 60, kirudishe motoni kichemke.

Maji ya moto yanayobaki yaingie kwenye chupa ya chai mara moja. Vifuko vya magnesi viweke kwa siku ambayo hata kiberiti hakiwezekani: mmekimbilia paani, au mna wasiwasi kuwa gesi inavuja.

Naweza kupanda navyo ndege?

Mitungi ya gesi, spiriti na vipande vya mafuta magumu ya jiko hapana, hata kwenye mzigo wa chini. Vifuko vya magnesi waulize shirika la ndege kabla ya kufungasha. Na vile ambavyo hukutumia usivitupe vikavu kwenye pipa la taka, kwani mvua ikivifikia vitapata moto humo humo. Vimalize kwanza kwa maji, nje, vipoe, ndipo uvitupe.