Jibu: Siku mbili Pantelleria zinatosha?

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha Pantelleria mwezi wa nane. Hazitoshi, labda kama unaenda kupiga picha tu. Kisiwa hiki cha Italia kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily, na ni cha volkano: fukwe za mchanga usizitarajie, unaingia baharini kutoka miambani. Beba viatu vya kuogelea.

Tafuta chumba kwenye dammuso, nyumba ya mawe yenye kuta nene na paa la kuba linalokinga maji ya mvua. Mchana lala humo, jua la kule halina mzaha. Mashambani nenda alfajiri. Mizabibu hupandwa ndani ya vishimo, mifupi, ikijificha upepo. UNESCO ilikitambua kilimo hicho mwaka 2014. Agosti wanavuna zibibbo, aina ya zabibu, na kuianika juani kwa ajili ya passito, mvinyo mtamu. Jina zibibbo limetokana na Kiarabu, zabib, kama zabibu yetu! Hata kama hunywi, onja zile zilizokauka.

Jioni ni ya ziwa Specchio di Venere: chemchemi za moto na tope la kujipaka. Mimi nilirudi huko jioni tatu mfululizo.