Rangi za maji: ya msanii au ya mwanafunzi, na ununue ipi kwanza

Ukifika dukani usiseme "rangi ya maji" tu. Duka la vifaa vya ujenzi litakutolea ndoo ya kupaka ukutani, na duka la vitabu litakupa kile kisanduku cha vidonge kumi na viwili cha watoto wa shule. Sema rangi za maji za kuchorea, kisha geuza tyubu usome maandishi madogo ya nyuma. Kazi yote ya kuchagua iko hapo.

Viungo ni vilevile kwa rangi zote: pigimenti, yaani ule unga wenye rangi yenyewe, gundi ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan, na gliserini au asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka. Tofauti ya daraja la msanii na la mwanafunzi iko kwenye kipimo. Rangi ya msanii hushibishwa pigimenti. Ya mwanafunzi hupunguziwa, na pengo likazibwa kwa unga usio na rangi. Ndiyo maana ikikauka hupauka na kuwa kama ina chaki, na ukitaka ikoze unarudia tabaka mara mbili tatu mpaka karatasi inachoka.

Lakini usikimbilie kununua tyubu zote za daraja la juu. Rangi za Professional za Winsor & Newton zimegawanywa kwenye makundi ya bei, kwa sababu pigimenti za metali kama kobalti na kadimiamu ni ghali na za udongo ni rahisi. Cotman, rangi za mwanafunzi za kampuni hiyohiyo, hazina mgawanyo huo. Basi kobalti ya kweli itaingiaje humo? Haiingii. Unauziwa mfano wake, na kwenye jina huongezwa neno "Hue". Si wizi, wamekuambia. Tatizo ni kwamba wengi hawasomi.

Sasa soma namba za pigimenti nyuma ya tyubu. PB29 ni bluu ya ultramarini, PB28 ni bluu ya kobalti ya kweli, PR108 ni nyekundu ya kadimiamu, PBr7 ni kahawia ya udongo. Tyubu yenye namba moja huchanganyika safi. Yenye namba tatu tayari ni mchanganyiko: ukiikutanisha na nyingine yenye mbili, umeweka pigimenti tano kwenye tone moja, na kinachotoka ni tope. Anayeanza hudhani mkono wake ndio mbaya, kumbe ni kijani cha tyubu alichokitia kwenye kahawia ya tyubu.

Kwa hela ndogo, fanya hivi. Nunua tyubu tatu za msanii za mililita 5, kila moja ikiwa na namba moja: njano PY154, waridi PV19 na bluu PB15:3. Ongeza ultramarini PB29 na kahawia PBr7 za daraja la mwanafunzi. Hizi mbili pigimenti zake ni rahisi, hivyo hata kwenye tyubu ya bei nafuu unapata kitu halisi, na zikichanganywa hukupa kijivu kizuri cha mawingu na vivuli. Madaraja mawili hayagombani kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi. Seti ya rangi 36 za bei ya kutupa iache hukohuko dukani.

Angalia pia uhimilivu wa mwanga, yaani rangi hukaa kiasi gani bila kupauka. Kwa kipimo cha ASTM, shirika la viwango, daraja la I na la II zinafaa kwa kazi ya kuuza. Kuanzia III kwenda juu, weka kwenye daftari la mazoezi. PR83, ile nyekundu ya damu ya mzee inayoitwa Alizarin Crimson, hupauka hata ikiwa ya msanii. Waridi zinazong'aa kama koti la bodaboda nazo ni hivyohivyo. Kama tyubu haisemi chochote, jipimie: paka ukanda, funika nusu kwa kadi nyeusi, bandika dirishani miezi mitatu, kisha funua. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la kusini. Huku kwetu karibu na ikweta tumia la mashariki au la magharibi, ndilo linalopata jua mwaka mzima.

Rangi ya tyubu unaweza kuikausha kwenye vibakuli vidogo. Kile kidogo kiitwacho "half pan" huchukua kama mililita 2. Jaza nusu, acha ikauke, ndipo umalizie, la sivyo itapasuka katikati. Kwa walio Mombasa, Dar au Unguja: rangi za asali kama za kampuni ya M. Graham hubaki zinanata kwenye unyevu, na paleti ikifungwa mbichi huota ukungu. Iache wazi mpaka ikauke.

Na karatasi? Hela ikitosha kitu kimoja tu, nunua karatasi: ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Kwenye karatasi nyepesi ya daftari maji hutuama kwenye mikunjo, kingo hukauka zikiwa na madoa, na rangi ghali huonekana sawa na ile ya watoto.

Ukifungua tyubu mpya kikatangulia kutoka kimiminiko cha rangi ya chai, usiirudishe dukani. Gundi imejitenga na pigimenti tu. Koroga ndani kwa njiti ya meno. Kifuniko kikiganda, kichovye kwenye maji ya moto dakika moja ndipo ukizungushe, maana ukitumia koleo utaipasua shingo ya tyubu.