Jiwe la buluu

Arusha, 9 Machi 2014

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama hizi dola bilioni 19 ambazo Facebook imetangaza kuinunulia WhatsApp ni bei hewa kama zile za hisa za kampuni za intaneti zilizoporomoka mwaka 2000, na kama uache kazi uungane na wenzako mtengeneze programu yenu ya kutumiana ujumbe.

Nilichukua kalamu. Watumiaji milioni 450: kila kichwa kimenunuliwa kwa dola 42 hivi, na ada yao ni dola moja kwa mwaka! Lakini kilichoninyima usingizi ni kwamba taslimu ni bilioni 4 tu. Zilizobaki ni hisa za Facebook yenyewe.

Hapo nikamkumbuka ng'ombe wa bibi yako. Nilimuuza nikanunua tanzanaiti kwa broka mmoja hapa mjini. Baada ya miezi mitatu akaniambia bei imepanda maradufu. Badala ya noti, akanipa mawe mawili, nami nikarudi nikijihesabu tajiri. Usiku ule nilikunjua karatasi mezani, nikamulika tochi, buluu ikageuka zambarau, ukapiga makofi. Bado nakuona. Bei ni maneno mpaka noti ziguse kiganja, mwanangu. Mwishoni mwa 2001 magazeti ya Marekani yakaihusisha tanzanaiti na al-Qaeda, maduka makubwa ya huko yakasitisha kuiuza, na broka wangu hakuonekana tena. Mawe nikayatoa kwa bei ya mbuzi, januari ile ile ya ada yako. Mama yako hakusema neno. Aliikunja ile karatasi tu, akaiweka kabatini. Ipo mpaka leo.

Ila jiwe lilikuwa jiwe kweli. Bei ilirudi, na aliyeyanunua kwangu akayauza vizuri. Huenda kosa langu lilikuwa kuuza, si kununua. Na wale milioni 450 ni watu kweli. Shangazi yako yumo, kila asubuhi ananitumia picha za mahindi yake. Lakini bei ni maneno mpaka noti ziguse kiganja, na wenzako hujaniambia nani anawalipa.

Jibu ninalo, limenikaa kooni. Mama yako amenikataza kuliandika. Njoo Pasaka, uje na daftari la mapato yao.

Baba yako