Ua la jirani, ua wa jirani

Mvua ya masika ikianza, barua za wasomaji kuhusu wadudu nazo huanza. Safari hii nimechagua tano za kujibu.

Viwavi wamevamia mlimau wangu hapa Maseno. Wachanga wanafanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanageuka kijani, na nikiwagusa wanachomoza pembe zinazonuka. Nipulizie dawa gani?

Usipulizie, mama. Huyo ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayepita uani kama ana haraka ya matatu. Kufanana na kinyesi ni ujanja wa kukwepa ndege, na pembe ni za kutishia tu. Mlimau uliokomaa hauumizwi na viwavi kumi. Miche ya kitaluni ndiyo ya kuhurumiwa: waokote kwa mkono, uwahamishie mti mkubwa. Wasomaji wengi hunitumia picha ya kipepeo wakisema ni uzuri wa Mungu, kisha wananitumia picha ya kiwavi wakiuliza bei ya sumu.

Nina mipapai kumi na minne kwenye barabara ya Ahero. Mwaka wa pili huu inachanua, lakini matunda ni ya kuhesabu. Jirani anasema nimerogwa.

Kabla ya kumtafuta mganga, tazama maua. Mti wenye maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni dume. Wenye maua makubwa yaliyobana shinani ni jike. Kama uliyakata madume yote kwa kuwa hayazai, basi umejiloga mwenyewe. Acha dume moja kwa kila majike kama kumi. Zipo pia mbegu ambazo ua moja lina yote mawili, lakini maelezo yako hayaonyeshi hivyo.

Kama madume yapo, toa kiti nje jua likizama, utulie. Mchavushaji mkubwa wa mpapai hapa Kenya, yaani anayebeba chavua, ule unga wa ua la dume, hadi kwa jike, ni nondo: wale wanene, wenye ulimi mrefu, wanaoruka kwa kasi na kusimama hewani mbele ya ua. Ua la jike halina nekta, yale maji matamu ya ua, hata tone. Linafanana tu na la dume, nondo anakosea, anaonja, anaacha chavua na kuondoka. Matunda yako yote yanategemea kosa hilo.

Sasa, nondo huyo hazaliwi kwenye mpapai. Viwavi wa ukoo wake hula mimea ya vichakani, na wengine majani ya viazi vitamu. Bila shaka umewahi kumkuta yule mnene mwenye kipembe mkiani. Ukiwa umezungukwa na seng'enge na mashamba yaliyofyekwa hadi ukingoni, atatoka wapi? Lugha yetu ilishaona jambo hili, ikayapa majina sawa ua linalochanua na ua unaozunguka boma. Mfuate huyo jirani wa habari za uchawi, mkubaliane kila mmoja wenu aache mita moja ya kichaka mpakani. Na ile taa kali ya ulinzi, iwashe usiku ukishakolea. Magharibi ni saa ya kazi ya nondo, na taa humvuta akaacha maua.

Pareto ni yetu na ni ya asili. Nikipulizia maharagwe huku Molo, nyuki na vipepeo watakuwa salama?

Ni yetu kweli, lakini asili si upole. Pareto huua mdudu anayeguswa nayo, nyuki akiwemo. Wema wake ni kwamba jua huimaliza nguvu upesi, kwa hiyo pulizia jioni nyuki wakisharudi mzingani, na usiguse maharagwe yaliyochanua. Neonikotinoidi, kundi la sumu za wadudu za viwandani, ni kesi nyingine. Hizo hupanda na maji ya mmea hadi ndani ya nekta, saa ya kupulizia isisaidie kitu. Tatu kati yake Umoja wa Ulaya ulizikataza mashambani mwaka wa 2018. Soma lebo.

Sisi ni vijana kumi na wawili wa Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega. Tunataka kufuga vipepeo tuuze. Tuanzie wapi?

Mfano mnao: Gede, pwani, ambako tangu 1993 wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kutoka kipepeo, kwa maonyesho ya ng'ambo. Kakamega ina aina zaidi ya 400, kwa hiyo mali ipo. Hata pale Isecheno, kikundi cha elimu ya mazingira cha KEEP kimekuwa kikifuga. Nendeni kwao kwanza, na msiende mikono mitupu.

Lakini pupa haingoji. Siku chache tu na imeshapasuka, iwe ndege imeondoka au haijaondoka. Halafu kuna vibali vya KWS, shirika la wanyamapori. Na msitu wenyewe una wenyeji wawili: upande wa Buyangu ni wa KWS, upande wenu wa kusini ni wa KFS, shirika la misitu. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, inaruhusu wakazi kuunda chama cha jamii na kutia sahihi makubaliano na KFS. Jiungeni na chama kilichopo badala ya kuanzisha cha kumi na moja.

Ningekuwa nyinyi, ningeanza na majani. Kila kipepeo ana mmea wake, na mkichuma msituni kila asubuhi mtakuwa ng'ombe wengine tu. Pandeni mimea hiyo kwenye mashamba yenu yanayopakana na msitu. Wakulima wa Muliru, majirani zenu, walifanya hivyo na mrihani wa kafuri: badala ya kuuchuma porini waliulima, wakatengeneza marhamu ya kuchua, na mwaka wa 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta, ile ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazohifadhi mazingira. Maua yake nyuki huyapenda mno. Ongezeni mizinga michache ya nyuki wasiouma. Asali yao ni kidogo, bei yake si kidogo.

Juzi vipepeo weupe walipita hapa Nakuru mchana kutwa, maelfu, wote upande mmoja. Ni dalili gani?

Ni dalili kwamba mvua ilinyesha mahali. Viwavi wao hula vichaka vya nyika. Mvua ikinyesha huzaliana kwa wingi, majani yakipungua wakubwa huhama. Sukuma wiki yako hawana haja nayo. Ila hukuniambia walielekea wapi.